PAKA ANAYEKUNYWA MAJI SANA: TUJIFUNZE UGONJWA WA KISUKARI



Huku kwetu ufukweni mwa Ziwa Tanganyika paka ni mlinzi. Kibirizi na Ujiji dagaa wameanikwa, mahindi na muhogo vimo ghalani, na panya hawalali. Nyumba isiyo na paka hugawana chakula chake na panya.

Lakini mlinzi huyu akiugua, wengi wetu tunasema, "Ah, paka tu huyo, atapona mwenyewe." Leo tutajifunza ugonjwa mmoja wa paka usiopona wenyewe. Ugonjwa huo ni kisukari.

Kwa nini tusome habari za kisukari cha paka? Ziko sababu mbili. Kwanza, mnyama tunayemfuga hana mdomo wa kusema, ni lazima sisi tumwangalie. Pili, dalili za kisukari cha paka zinafanana sana na dalili za kisukari cha binadamu. Anayejifunza kumtazama paka wake atajua pia kumtazama mtoto wake na mzee wake.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme bibi mmoja wa Ujiji ana paka dume, mnene, umri wake miaka 10. Kila siku paka huyu hula ugali wa muhogo uliobaki, na dagaa kidogo juu yake. Sasa bibi ameona mambo mapya. Paka anakunywa maji kwenye ndoo, kwenye sufuria, hata maji ya kunawia. Anakojoa mara nyingi. Anakula kuliko zamani, lakini mgongo umeanza kutoka mifupa. Akitembea, visigino vya miguu ya nyuma vinagusa chini. Bibi anambeba kwenye kikapu hadi kwa daktari wa mifugo.

– Shikamoo, bibi.
– Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa, usinicheke.
– Sicheki, bibi. Anakunywa maji kiasi gani?
– Mengi!
– Mengi ni kiasi gani? Kesho asubuhi mpimie maji kwa chupa, mengine yote yafunike. Kesho kutwa angalia yamepungua kiasi gani, uandike.

Hapo daktari amesema jambo kubwa. Neno "mengi" halipimiki, bali namba inapimika. Paka wa kilo 4 akinywa zaidi ya mililita 200 kwa siku, hapo huenda kuna ugonjwa. Huenda ni kisukari, huenda ni figo, au ugonjwa mwingine. Kwa hiyo ni lazima damu na mkojo vipimwe. Tena kipimo kimoja cha damu hakitoshi, kwa sababu paka aliyeogopa sukari yake hupanda kwa muda hata kama ni mzima. Ndiyo maana daktari hupima na mkojo, na pengine hurudia.

KISUKARI NI NINI?

Chakula tunachokula, hasa ugali, wali na viazi, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Sukari hiyo ndiyo nguvu ya mwili. Lakini haiwezi kuingia vizuri katika nyama ya mwili bila insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilichoko karibu na tumbo la chakula.

Insulini ikipungua, au mwili ukiacha kuisikia, sukari hujaa katika damu huku mwili una njaa. Ni kama ghala lililojaa mahindi, lakini ufunguo umepotea na watoto wanalala njaa. Figo huitoa sukari hiyo kwa mkojo, na sukari huondoka na maji mengi. Sasa tunaelewa kwa nini mgonjwa anakojoa sana, ana kiu sana, anakula sana, na bado anakonda.

Kisukari hakiambukizi. Paka hampi mtu kisukari, wala mtu hampi paka.

Je, ni paka gani hukipata zaidi? Ni paka wenye umri mkubwa, wanene, wasiotembea sana, na hasa madume waliohasiwa. Dawa nyingine pia, kama zile za steroidi, zinaweza kukianzisha. Paka anayewinda usiku kucha na mwili wake ni mwembamba yuko katika hatari ndogo zaidi.

DENI LETU KWA WANYAMA

Mwaka 1889 huko Strasbourg, madaktari Oskar Minkowski na Joseph von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akapata kisukari. Hapo watu wakajua ugonjwa unatoka wapi. Mwaka 1921 huko Toronto, Kanada, Frederick Banting na Charles Best walipata insulini kwa kufanya majaribio kwa mbwa. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alichomwa dawa hiyo, iliyotokana na kongosho za ng'ombe. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari cha namna yake alikuwa akingojea kufa tu. Yeye aliishi miaka 13 zaidi. Basi tukimtibu paka kwa insulini, tunalipa deni la zamani.

CHAKULA CHA PAKA MGONJWA

Paka kwa asili ni mla nyama. Mwili wake umezoea panya, ndege na samaki, haukuumbwa kwa ugali. Paka mwenye kisukari apewe nyama, yai lililochemshwa, dagaa au mgebuka aliyepikwa bila chumvi na kutolewa miiba. Ugali upunguzwe kidogo kidogo hadi uishe. Maji safi yawepo wakati wote. Tusimnyime maji kwa kuchoka kufuta mkojo!

Tahadhari mbili. Moja: ukipunguza ugali, mwambie daktari, kwa sababu paka atahitaji insulini kidogo kuliko zamani. Mbili: usimfungishe paka mnene ili akonde haraka. Paka mnene akikaa siku chache bila kula, ini lake huharibika na anaweza kufa. Apunguzwe polepole.

SINDANO ASUBUHI NA JIONI

Paka wengi wenye kisukari huchomwa insulini mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12. Kwa mfano saa 1 asubuhi na saa 1 jioni. Tufuate hatua hizi:

1. Mpe chakula kwanza. Kama hakula, usimchome kama kawaida. Muulize daktari.

2. Soma kichupa na bomba la sindano. Hapa ndipo kisomo chetu kinaokoa uhai. Insulini nyingi za binadamu zina yuniti 100 katika mililita 1. Baadhi ya insulini za wanyama zina yuniti 40 katika mililita 1. Kila moja ina bomba lake. Ukivuta insulini ya 100 kwa bomba la 40, ukidhani umevuta yuniti 2, kumbe umevuta yuniti 5. Tupige hesabu: 100 gawanya kwa 40 ni mbili na nusu. Mbili na nusu mara 2 ni 5. Dozi hiyo inaweza kumwua paka.

3. Kama dawa ni ya namna ya maziwa, ichanganye kwanza kama daktari alivyokuelekeza.

4. Inua ngozi ya ubavuni au karibu na mabega, ingiza sindano chini ya ngozi. Mara ya kwanza fanya mbele ya daktari.

5. Kama huna hakika dawa imeingia, usirudie. Ngoja hadi wakati wa sindano ya pili.

Kiasi cha dawa anakipanga daktari, si jirani wala muuza duka. Paka huanza na kiasi kidogo sana. Usimpe paka vidonge vya kisukari vya mtu.

Insulini huharibika kwa joto na kwa barafu. Pasipo na friji, tumia vyungu viwili vya udongo: kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, na vyote vikae kivulini penye upepo. Dawa iliyoganda itupwe. Sindano zilizotumika ziwekwe katika kopo gumu lenye mfuniko, kisha zirudishwe kwa daktari au zahanati. Zisitupwe ufukweni ambako watoto wetu wanakimbia pekupeku.

HATARI YA SUKARI KUSHUKA

Insulini ikizidi, sukari hushuka mno. Paka huwa mlegevu, hutetemeka, huyumba kama mlevi, na mwisho hupata degedege. Hapo usingoje. Kama anaweza kumeza, mpe chakula mara moja. Kama hawezi, mpake asali au maji mazito ya sukari kwenye fizi. Usimmiminie kooni, atapaliwa. Kisha mpeleke kwa daktari.

Tena, paka mwenye kisukari akiacha kula, akitapika na kulala tu, huo ni mgogoro mkubwa. Usilale nao hadi kesho.

DAFTARI

Nunua daftari dogo. Kila siku andika tarehe, amekula nini, amekunywa maji kiasi gani, amechomwa yuniti ngapi, saa ngapi. Mara moja kwa juma mpime uzito. Simama kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha simama peke yako, utoe. Daktari akisoma daftari atajua apandishe dawa au ashushe. Tena wapo paka ambao, wakitibiwa mapema na kulishwa vizuri, baada ya miezi michache hawahitaji sindano tena. Ukiona paka wako maji yamerudi kuwa ya kawaida, mpeleke haraka apimwe, maana dawa ya jana inaweza kumzidi leo.

TUSEME UKWELI

Matibabu haya yana gharama na yanataka mtu wa kukaa na saa. Si kila nyumba itaweza. Kama nyumbani kuna mtu anayetumia insulini, dawa yake ni yake. Asipunguziwe hata yuniti moja kwa ajili ya paka. Na kama hatuwezi kumtibu paka, tusimwache akauke kwa kiu na njaa uvunguni. Twende kwa daktari wa mifugo, tumwambie wazi. Anaweza kutushauri juu ya chakula peke yake, au kumpumzisha mnyama bila maumivu. Kukubali ukweli huo si ukatili.

NA SISI JE?

Sasa ndugu msomaji, geuka utazame nyumbani mwako. Yuko nani anayeamka usiku mara nyingi kukojoa? Nani anakunywa maji hayamkati kiu? Nani amekonda ingawa anakula? Pengine sisimizi wanajaa mahali anapokojoa. Vidonda vyake vinachelewa kupona. Huyo si wa kurogwa, huyo ni wa kupimwa. Aende zahanati au kituo cha afya, atobolewe kidole. Asubuhi kabla ya kula, sukari ya mtu ikifika 7.0 au zaidi, na ikipimwa tena ikawa hivyo hivyo, ni kisukari. Mtoto akiwa na dalili hizi apelekwe siku hiyo hiyo, maana kwa watoto ugonjwa huu unakwenda mbio.

Mwaka 1973 wazee wetu walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walisoma, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Nasi tufanye vivyo hivyo. Tukimaliza kusoma, tutende.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini paka mwenye kisukari anakula sana lakini anakonda?
2. Bibi amevuta insulini ya yuniti 100 kwa bomba la yuniti 40. Bomba linaonyesha yuniti 4. Je, amevuta yuniti ngapi hasa?
3. Paka amechomwa sindano, sasa anayumba na kutetemeka. Tufanye nini?
4. Nani katika nyumba zetu anafaa kupimwa sukari juma hili? Nani atamsindikiza?