WAMONGOLIA NA MIFUGO YAO: KWA NINI HAWAKUSHIKA JEMBE?

Siku moja katika kipindi cha Historia tulikuwa tukisoma habari za Genghis Khan. Mwenzetu mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, watu walioteka nusu ya Asia walishindwaje kulima?" Kabla mwalimu hajajibu, sauti ikatoka nyuma: "Si ni uvivu tu! Wafugaji wote wako hivyo." Darasa likaangua kicheko. Lakini si wote waliocheka, kwa maana miongoni mwetu wamo wanaolipiwa karo kwa mbuzi na ngamia. Mimi nilicheka. Baadaye roho ilinisuta, nikaenda maktaba kutafuta jibu. Haya ndiyo niliyoyapata.

NCHI YENYEWE

Mongolia iko kati ya Urusi na Uchina, mbali sana na bahari. Ukubwa wake ni kama kilomita mraba milioni 1.56, yaani karibu mara tatu ya Kenya, ila watu wake ni milioni 3.5 hivi. Sehemu kubwa ni mbuga za nyasi, na kusini kuna jangwa la Gobi. Mji mkuu, Ulaanbaatar, uko mita zipatazo 1,300 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Januari baridi yaweza kufika digrii 40 chini ya sifuri! Mvua ya mwaka mzima mjini hapo haifiki milimita 300, kama ile ya sehemu zetu kame za kaskazini. Gobi kwenyewe kuna mahali haifiki hata milimita 100.

Sasa hebu piga hesabu kama mkulima. Jalidi, ile baridi inayounguza majani, huendelea hadi Mei au Juni na kurudi Septemba. Una miezi mitatu hivi ya kupanda, kupalilia na kuvuna. Mvua ikichelewa wiki mbili, au jalidi ikiwahi kurudi, basi kazi yote imekwenda bure. Na shamba halina miguu, huwezi kulihamisha.

MIFUGO YA AINA TANO

Mifugo, kwa upande mwingine, ina miguu. Tena binadamu hawezi kula nyasi, lakini mnyama huzila akazigeuza kuwa maziwa, nyama na sufu. Wamongolia hufuga wanyama wa aina tano: farasi, ng'ombe (pamoja na yaki, ng'ombe wa milimani mwenye manyoya marefu), ngamia wa nundu mbili, kondoo na mbuzi.

Kila mmoja ana kazi yake. Sufu ya kondoo hugandamizwa ikawa kitambaa kizito cha kufunika ger, nyumba ya duara inayobomolewa na kusimamishwa tena kwa saa chache. Maziwa ya farasi huchachushwa yakawa kinywaji kiitwacho airag. Maziwa mengine hugandishwa na kukaushwa yakawa chakula cha akiba. Ngamia hubeba mizigo. Hata mavi makavu ya ng'ombe hutumika kama kuni, maana mbugani miti ni adimu. Wakati wa baridi, farasi hufukua theluji kwa kwato, na kondoo huwafuata nyuma wakila nyasi zilizofunuliwa. Usione vyaelea, vimeundwa.

KUHAMA SI KUTANGATANGA

Wengi wetu hudhani mfugaji huenda popote miguu impelekapo. Sivyo hata kidogo. Familia ya Kimongolia huhama kufuata majira. Kila familia hujua mahali pake pa kukaa wakati wa baridi, kwa kawaida nyuma ya kilima kinachozuia upepo. Nyasi za pale huachwa zipumzike kiangazi kizima ili ziwafae wanyama baridi ikirudi. Malisho yakikosekana, wachungaji huwapeleka wanyama mbali zaidi, safari inayoitwa otor.

JE, HAWAKUJUA KILIMO?

Walikijua vizuri. Kabla ya Genghis Khan, katika karne ya 8 na ya 9, Wauighur walikuwa na mji mkubwa katika bonde la mto Orkhon, na mashamba kando yake. Katika bonde hilohilo, Ögedei, mwana wa Genghis Khan, alijengea ukuta mji wa Karakorum mwaka wa 1235. Huko nako watu walilima, ila mavuno hayakutosha, ikabidi nafaka iletwe kwa mikokoteni kutoka Uchina. Kwa karne nyingi Wamongolia walitoa farasi na ngozi wakapata nafaka na nguo. Ya nini basi ujitese kulima kitu ambacho jirani anakulimia?

Isitoshe, kuhama kulikuwa ngao. Mkulima akivamiwa hawezi kukimbia na shamba lake. Mfalme Yongle wa Uchina aliongoza mwenyewe majeshi kwenda Mongolia mara tano kati ya 1410 na 1424. Safari ya mwisho hakumwona adui, akafia njiani akirudi.

UBAYA WAKE

Nisiwadanganye, wasomaji wapenzi, maisha haya yana machungu yake. Kuna msiba uitwao dzud, ambapo theluji nyingi au barafu ngumu hufunika malisho na wanyama hufa kwa njaa na baridi. Katika msimu wa 2009 na 2010 walikufa zaidi ya milioni 8. Wafugaji wengi waliofilisika hivyo wamehamia Ulaanbaatar, ambako karibu nusu ya Wamongolia wote huishi siku hizi.

Na kilimo kimejaribiwa pia. Kuanzia 1959 serikali ililima ardhi mpya kwa matrekta, na ngano ikastawi hasa kaskazini, katika mkoa wa Selenge. Baada ya 1990, msaada wa Kisovieti ulipokatika, mashamba mengi yaliachwa, na baadaye mengine yakafufuliwa. Kwa hiyo panapolimika, wanalima. Pasipolimika, wanafuga. Katiba yao ya 1992 inasema mifugo ni mali ya taifa inayolindwa na serikali, na malisho hayawezi kumilikiwa na mtu binafsi.

HITIMISHO

Alhasili, Wamongolia hawakukataa jembe kwa uvivu wala ujinga. Waliisoma nchi yao wakaifuata. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Nawe mwenzangu uliyenyamaza siku ile wengine tulipocheka, makala haya ni yako. Niwie radhi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini jalidi ni adui wa mkulima nchini Mongolia.
2. Taja mifugo mitano ya Wamongolia na faida moja ya kila mmoja.
3. "Mfugaji hana mpango." Jadili.