Mgonjwa asiye na makazi Marekani aanzie wapi?

Ukimwuliza Mswahili mgonjwa hali yake, atakwambia "nzuri, namshukuru Mungu". Ni adabu njema barazani, lakini kwa anayetafuta nyumba Marekani huku akiwa mgonjwa, jibu hilo linaweza kumrudisha nyuma kabisa kwenye foleni. Nitaeleza kwa nini, lakini tuanze na nyumba yenyewe.

Ofisini utasikia ikiitwa Permanent Supportive Housing. Yashike maneno hayo hata kama Kiingereza chako ni cha kubabaisha. Ni nyumba ya kudumu inayokuja pamoja na huduma: unapanga kwa mkataba wenye jina lako, na mhudumu anakufuatilia kwenye dawa, miadi ya daktari, maradhi ya akili au ulevi. Anayetumia insulini anahitaji friji, na mwenye kidonda cha upasuaji anahitaji bafu safi. Anayelala ndani ya gari havipati, kwa hiyo hutibiwa leo na kurudi hospitali wiki ijayo. Huko New York, mwaka 1992, mwanasaikolojia Sam Tsemberis alianzisha Pathways to Housing kwa wazo kwamba mgonjwa apewe nyumba kwanza, asisubirishwe mpaka apone au aache pombe. Wazo hilo lilienea nchi nzima. Julai 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuiondoa serikali kuu kwenye sera hiyo, hivyo uliza masharti ya sasa ya mji wako.

Gharama? Kuomba ni bure. Anayekudai hata dola 20 ili "akuingize kwenye orodha" ni tapeli, awe Mmarekani au mtu wa kwenu. Ukishapata nyumba, kwa kawaida unalipa kama asilimia 30 ya kipato chako baada ya makato fulani. Mwenye dola 900 kwa mwezi hulipa takriban 270 au pungufu. Asiye na kipato chochote anaweza kuanza bila kulipa.

Wanaopewa kipaumbele ni wenye ulemavu au ugonjwa wa muda mrefu ambao wamekosa makazi kwa miezi 12 mfululizo, au mara nne ndani ya miaka mitatu, jumla ikifika miezi hiyo 12. Kulala barabarani, garini au kwenye shelta, yaani nyumba ya hifadhi ya muda, kunahesabiwa. Kulala sebuleni kwa binamu hakuhesabiwi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, maana kwetu ndugu hafukuzwi, basi mtu huzunguka miaka miwili kwenye makochi na serikali haimtambui. Usidanganye kwa ajili hiyo. Ila mwenyeji wako akikutaka uondoke ndani ya siku 14 na huna pa kwenda, mwombe akuandikie barua. Inaweza kukufungulia msaada wa aina nyingine.

Hatua ya kwanza ni kupiga simu 211. Ni bure, na inapatikana karibu nchi nzima. Sema neno moja, "Swahili", usubiri mkalimani. Mweleze utalala wapi usiku wa leo, na uombe uelekezwe kwenye Coordinated Entry, yaani mlango mmoja wa kupokea maombi ya eneo lako.

Huko utahojiwa, na ndipo zile salamu zetu zinapotuponza. Foleni hii haimtazami aliyewahi kufika bali aliyezidiwa. Taja kifafa, taja damu inayosafishwa kwa mashine, taja usiku unaposhindwa kulala kwa kumbukumbu za vita. Taja mara ulizopelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa. Usimtumie mwanao kama mkalimani. Kuna mambo hutayasema mbele yake, kwa hiyo omba ofisi ikutafutie mkalimani bila malipo.

Kisha kusanya karatasi: kitambulisho, kadi ya Social Security (ikipotea, nyingine hutolewa bure), uthibitisho wa kipato, barua ya shelta au ya wahudumu wa mitaani inayoonyesha ulikolala, na fomu ya ugonjwa iliyosainiwa na mtaalamu mwenye leseni. Huna daktari? Nenda kliniki iliyo chini ya mpango wa Health Care for the Homeless. Malipo hutegemea kipato, na hawakufukuzi kwa kukosa pesa.

Ukiwa umelazwa, usisubiri siku ya kuruhusiwa. Mwambie mapema mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hospitali kwamba huna pa kurudi, na uulize kama kuna kituo cha kuuguzia wasio na makazi mpaka wapate nguvu.

Kusubiri kunaweza kuchukua miezi, hata zaidi. Ukibadilisha namba ya simu, wajulishe siku hiyo hiyo, na uwaachie pia namba ya mtu unayemwamini. Nyumba ikipatikana nawe huonekani, anaitwa anayefuata.