SOMO: JIWE LA CHOKAA NA MARUMARU

Wananchi wengi huliona jiwe la chokaa na marumaru kuwa ni vitu viwili visivyohusiana: la kwanza ni la kujengea ukuta, la pili ni la kupambia sakafu. Somo hili linakusudia kueleza kuwa asili yao ni moja, na kwamba tofauti baina yao ina maana kubwa kwa kila mwenye nyumba ya zamani ya mawe hapa Visiwani.

Mawe yote mawili yameundwa kwa kalsiamu kaboneti. Yakichomwa katika tanuu kwa joto la nyuzi 900 hivi za Sentigredi, yote hutoa chokaa. Ndimu na siki huyala yote. Kwa hiyo haifai kusafishia sakafu ya marumaru kwa vitu hivyo.

Jiwe la chokaa ni mwamba wa mashapo, yaani uliotokana na vitu vilivyotuama na kushikamana. Sehemu kubwa ya mwamba unaoonekana Unguja ni matumbawe yaliyoota baharini zama za kale, yakabaki nchi kavu pale bahari iliposhuka. Ndani yake bado huonekana maumbo ya matumbawe na makombe, pamoja na vitundu vingi.

Marumaru ni mwamba geu. Hapo awali ilikuwa jiwe la chokaa. Likazikwa chini sana ardhini, likapata joto la mamia ya nyuzi na mgandamizo mkubwa. Halikuyeyuka, bali chembe zake zilijiunda upya zikawa fuwele zilizobanana. Maumbo ya viumbe yakafutika na vitundu vikaziba. Marumaru huchimbwa Carrara, nchini Italia, na hupatikana pia Tanzania Bara, katika Mkoa wa Morogoro. Ieleweke kuwa vigae vya dukani ambavyo watu huviita marumaru aghalabu ni udongo uliochomwa kiwandani.

Namna nyepesi ya kuyatofautisha ni kudondosha tone la maji juu ya kila jiwe likiwa kavu. Jiwe la matumbawe hulinywa tone hilo upesi. Juu ya marumaru tone hukaa.

Hapo ndipo penye faida ya somo hili. Kuta za Mji Mkongwe, uliotangazwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa. Kuta hizo hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, kisha huutoa nje kupitia lipu ya chokaa, ambayo nayo ina vitundu. Ukuta huo ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa njia ya kutokea. Maji hubaki ndani, chumvi hukusanyika, udongo unaoshika mawe hulegea, na ukuta huharibika huku kwa nje ukionekana mzima.

Kwa hiyo, wenye nyumba za aina hiyo wanashauriwa wafanye yafuatayo:

(a) kuziba kwanza mahali panapovuja, hasa paa na mifereji;
(b) kutumia lipu ya chokaa na mchanga badala ya saruji;
(c) kumtafuta fundi aliyezoea kazi ya chokaa.

Jiwe la matumbawe halina ugumu wa marumaru, lakini likiachiwa njia ya kutoa unyevu wake hudumu karne nyingi.