Seva inaitika Nyakanazi, Ngara kimya

Mdogo wangu wa Nyakanazi,

Mjomba amekupa hadi mwisho wa mwezi: ama tawi lake la vipuri kule Ngara mjini lianze kuulizia stoo kwenye seva yako, ama uache kompyuta ukae kaunta. Unauliza kama lugha ya C imekushinda. Haijakushinda. Mpangilio wako, socket(), bind(), listen(), accept(), ni uleule uliotoka na mfumo wa BSD wa Berkeley mwaka 1983. Shida ni kwamba huiulizi hatua yoyote imejibu nini. Ukiwasha seva mara tu baada ya kuizima, bind() inarudisha -1 kwa sababu kerneli bado inashikilia muunganisho wa zamani. Wewe unasonga mbele, na Linux inakuchagulia poti nyingine kimyakimya. Seva inasikiliza kweli, ila siyo pale unapobisha! Weka perror() kila hatua, na SO_REUSEADDR kabla ya bind().

Sasa Ngara. Umeandika 127.0.0.1, anwani isiyotoka nje ya kompyuta yako. Ungeweka INADDR_ANY ili seva ipokee kutoka nje, lakini usimwahidi mjomba kitu bado, maana unatumia bando la simu. Mitandao ya simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, kama S.L.P. ya shule ya bweni: barua za wanafunzi zinatoka bila shida, lakini inayoingia bila jina la mwanafunzi haina pa kwenda. Hilo hakuna msimbo wa C utakaolitibu. Kodi seva ndogo yenye anwani ya wazi, matawi yote mawili yaipigie yenyewe.

Kuhusu muunganisho wa pili kuganda, seva yako inamhudumia mmoja hadi aondoke. Ita fork() baada ya accept(), mtoto ahudumie, mzazi arudi kusubiri. Kwa maduka mawili inatosha. Atakayekuambia uanze na epoll, njia ngumu zaidi ya kuhudumia wengi kwa pamoja, anataka tu umsifu.

Kinachonitisha mimi ni daftari la madeni ulilopanga kuliweka humo. Seva yako haina nywila, na kila kitu kinasafiri wazi. Pitisha mawasiliano ndani ya SSH kwanza. Kabla ya hapo, idadi ya plagi na mikanda inatosha. Na mjomba muombe kodi ya seva ya mwezi mmoja tu, umwoneshe Ngara ikijibiwa, ndipo mzungumzie kaunta.