Zinki katika Maharagwe: Mbolea Inayofika Chunguni

Kila mkulima wa skimu anaijua mbolea ya kuongeza magunia. Mwezi huu twataka kusema habari za mbolea ya namna nyingine. Huenda isikuongezee hata debe moja, na mnunuzi wa maharagwe sokoni hataiona wala hatakulipa zaidi kwa ajili yake. Faida yake iko chunguni, kwa wale wanaokula githeri nyumbani kwako, na hasa kwa watoto.

Mbolea hiyo ni zinki. Zinki ni madini yale yale yanayopakwa juu ya mabati ili yasishike kutu. Mwili wa mtu unaihitaji kidogo sana, lakini kidogo hicho kikikosekana mtoto hudumaa, huharisha mara kwa mara, na vidonda vyake huchelewa kupona. Wenye nyama, maini na samaki mezani hupata zinki bila kufikiri. Sisi ambao chakula chetu cha kila siku ni mahindi na maharagwe tunaitegemea ile iliyo ndani ya punje, na punje haiwezi kuwa na kitu ambacho mmea haukukipata.

Sasa tazama udongo wetu. Skimu nyingi za makazi, tangu zile za 1962 na miaka iliyofuata, ziligawanywa katika mashamba makubwa yaliyokuwa yamekwisha kulimwa miaka mingi. Kila gunia linalopanda lori huondoka na zinki kidogo ya shamba. Mkulima hurudisha mbolea ya fosfeti na naitrojeni, na hayo ni mema, lakini mbolea hizo za kawaida hazina zinki ya maana. Tena fosfeti ikitiwa kwa wingi mwaka baada ya mwaka huuzuia mmea kuichukua zinki iliyopo. Chokaa nayo ni dawa nzuri ya udongo mchachu, lakini ikizidi kipimo huifunga zinki vile vile. Kwa hiyo usitie chokaa kwa kuona jirani ametia. Pima udongo kwanza.

Shamba lenye upungufu mkubwa hujionyesha. Katika mahindi machanga utaona michirizi mipana myeupe au ya manjano pande mbili za uti wa jani, kuanzia karibu na shina. Katika maharagwe majani machanga huwa madogo na hugeuka manjano katikati ya mishipa, na mmea huchelewa kukomaa. Hata hivyo, asifikiri mtu kwamba akiona majani ya kijani basi mambo yote ni sawa. Mmea waweza kupata zinki ya kutosha kuzaa vizuri, na bado punje zake zikawa na zinki kidogo kwa mahitaji ya mtoto. Hapo ndipo penye somo letu.

Njia ya kwanza ni kutia zinki udongoni wakati wa kupanda. Mbolea inayotumika ni salfeti ya zinki, kilo 10 hivi kwa eka moja, nayo hufanya kazi kwa misimu kadhaa, kwa hiyo haitiwi kila mwaka. Siku hizi kuna pia mbolea za kupandia zilizochanganywa na zinki kiwandani. Soma gunia na utafute herufi Zn. Njia hii ndiyo inayofaa kama kipimo cha udongo kimeonyesha upungufu, kwa sababu hapo na mavuno yataongezeka. Samadi ya ng'ombe wako pia hurudisha zinki kidogo kidogo, basi usiiache iozee kwenye mvua nyuma ya zizi.

Njia ya pili ni kunyunyizia majani, na kama shabaha yako ni kuiongeza zinki iliyo ndani ya punje, hii ndiyo yenye nguvu zaidi. Wakati wake ni muhimu kuliko wingi wake. Ukinyunyiza maharagwe yakiwa na majani matatu, zinki itakwenda kwenye majani na kubaki huko. Nyunyiza mara ya kwanza maua yanapokuwa mengi, na mara ya pili baada ya wiki mbili hivi, maganda machanga yakianza kujaa. Wakati huo mmea unapeleka kila kitu kwenye mbegu, na zinki hupelekwa pamoja nacho.

Kipimo chake si kigumu. Salfeti ya zinki ya kawaida, ile ambayo sehemu ya tano hivi ni zinki yenyewe, hutiwa gramu 100 katika bomba la lita 20. Ukinunua kilo moja, igawe katika mafungu 10 yaliyo sawa kwa mizani ya dukani, na kila fungu ni la bomba moja. Mabomba 10 yatatosha eka moja kwa mara moja. Lakini angalia mfuko: iko salfeti nyingine kali zaidi, ambayo theluthi yake ni zinki, na hiyo yataka gramu 60 tu kwa bomba. Ukizidisha, majani yataungua. Yafaa kujaribu mistari miwili kwanza na kungoja siku mbili tatu kabla ya kunyunyiza shamba lote.

Huko Lugari na Trans Nzoia mvua hunyesha mara nyingi alasiri, kwa hiyo nyunyiza asubuhi umande ukianza kukauka, kabla jua halijawa kali. Usichanganye na mbolea ya majani yenye fosfeti, maana vitashikana na kuganda kwenye bomba. Na jambo ambalo limewaharibia wengi: bomba lililotumika kwa dawa ya magugu ya mahindi lisiingie kwenye maharagwe kabisa. Mabaki kidogo tu ya dawa hiyo yatakunja na kuua maharagwe, kisha mtu ailaumu zinki. Vaa glavu na ulinde macho. Salfeti hii ni nyeupe na yafanana na chumvi au sukari, basi iandike jina na uifungie mbali na jikoni.

Je, unyunyize shamba lote? Kwa maoni yetu, hapana. Kwa kuwa soko halilipi zinki, mwenye eka moja ya maharagwe na atazame jamaa yake wanakula magunia mangapi kwa mwaka, anyunyize sehemu hiyo tu na ile ya mbegu, na kuweka gunia lake mbali. Mbegu yenye zinki nyingi huota kwa nguvu zaidi katika udongo maskini, kwa hiyo hiyo sehemu ya mbegu si hasara. Shida huja mwezi wa karo, wakati baba anapouza gunia lililokuwa karibu na mlango bila kumwuliza mama lilikuwa la nini. Mkubaliane mapema.

Wasomaji watauliza kuhusu chuma, maana ukosefu wa damu ni tatizo kubwa kwa kina mama. Hapa mbolea haisaidii sana. Chuma kikitiwa udongoni hugeuka kutu upesi, na kikinyunyiziwa majani hakisafiri vizuri kwenda kwenye punje. Usitupe fedha zako hapo. Kwa chuma, nunua mbegu iliyozalishwa makusudi, kama Nyota au Angaza, ambazo punje zake zina chuma na zinki nyingi kwa asili. Ukipanda mbegu hiyo na kuinyunyiza zinki wakati wa maua, umefanya yote mawili.

Imebaki kazi ya mpishi. Maharagwe yana asidi ya asili inayozishika zinki na chuma tumboni zisiingie mwilini. Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, kisha uyapike kwa maji mapya. Pamoja na githeri mpe mtoto chungwa au pera, kwa maana matunda haya husaidia mwili kukipokea chuma. Chai hukizuia, basi isinywewe pamoja na chakula. Ngojeni saa moja au mbili.