Mume wangu anangoja Hawaii

Shangazi, mimi ni mama wa watoto watatu hapa Rubondo. Tuna miaka kumi na moja katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, tunalima mahindi na maharagwe. Msimu huu kikundi chetu cha akiba kimegawana fedha, nikamwomba mume wangu twende siku chache mahali penye maji, sisi wawili tu. Yeye ni mtu wa Uvira, Kongo, amekulia ziwani Tanganyika. Amekataa. Ukutani amebandika picha ya ufukwe wa Hawaii aliyotumiwa na kaka yake aliye Marekani, anasema tutapumzika kesi yetu ya kuhamia Marekani ikijibiwa. Mawifi wananicheka: mkimbizi na likizo, wapi na wapi! Je, nina tamaa?
Mama wa Watatu, Rubondo

Mama wa Watatu, tamaa huna. Mgongo ulioinama shambani miaka kumi na moja haujui kama ni wa mkimbizi au wa mbunge.

Lakini usimwite mumeo bahili. Wengi Nakivale wameyahamishia maisha yao yote kwenye kesi: mabati, masomo, hata kicheko, vyote vitaanza ng'ambo. Na tangu Marekani isimamishe mpango wake wa kupokea wakimbizi, Januari 2025, anayengoja hana hata tarehe ya kuikasirikia. Nahisi mumeo anaogopa kwamba akistarehe hapa, atakuwa amekubali kuwa hatoki tena. Anachokataa ni hicho, si wewe.

Kwa hiyo usishindane na picha. Ibaki ukutani. (Hata shemeji yako aliye Marekani, akitaka Hawaii atavuka Pasifiki kwa ndege saa tano na zaidi, kwa nauli yake mwenyewe.) Mwombe siku tatu, kwa fungu lako la kikundi, na mtajie mahali: visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria. Viko 84. Watu wa Kampala hupitia Entebbe. Ninyi msizunguke huko. Pandeni basi Mbarara hadi Masaka, kutoka hapo mteremke hadi Bukakata, ambako feri ya serikali inavusha watu bila nauli hadi Luku, kisiwa cha Bugala. Mchanga mweupe upo. Badala ya minazi ya kwenye picha mtakuta michikichi, mashamba kwa mashamba, na mtu wa Uvira akiiona michikichi atakuwa na mengi ya kukusimulia kuhusu mawese ya kwao.

Ziwa lile lina kichocho, kwa hiyo asikudanganye kwamba aliyekulia Tanganyika hadhuriki. Kaeni ufukweni, msiingie penye matete. Akishikilia kuogelea, geukeni Kabale, ziwa Bunyonyi; visiwa vipo pia, ila baridi yake ni ya milimani na kina ni kirefu.

Watoto waachieni hao hao mawifi. Kazi itawapunguzia kicheko.

Chukueni vitambulisho vya ukimbizi. Sheria ya Uganda ya 2006 inawaruhusu kutembea nchini, ila mwambieni mwenyekiti wa kijiji mnakokwenda. Na msiondoke wiki ya mgao wa msaada: mkikosa kuweka kidole siku hiyo, mtarudi na kuanza kuzunguka maofisini, na mume wako atakuwa amepata sababu ya kukataa safari nyingine.