Somo la Lishe: Buyu, Embe na Kikombe cha Chai

Ukitoka Kibwezi kuelekea Mtito Andei, au ukifika Mutomo na Ikutha kwa majirani zetu wa Kitui, mti utakaouona kwanza ni mbuyu. Lakini muulize mtoto wa shule mabuyu ni nini, naye atakutajia yale mekundu ya dukani, yaliyochemshwa kwa sukari na kutiwa rangi. Somo la toleo hili linahusu tunda lenyewe, na jinsi tunavyoweza kupoteza faida yake jikoni.

Mwili unapogeuza chakula kuwa nguvu, hutokea chembe zisizotulia ambazo hudhuru seli. Moshi wa sigara na wa kuni huziongeza. Antioksidanti ni kemikali zinazozituliza. Mimea haikuzitengeneza kwa ajili yetu. Inajikinga na jua kali, wadudu na ukungu. Ndiyo sababu mara nyingi huwa nyingi zaidi kwenye ganda, majani na gome kuliko kwenye nyama ya tunda. Shelisheli na fenesi za Pwani ziko hivyo, na vilevile ndugu yao tuliye naye hapa, mkuyu wa kando ya mito. Miti hii mitatu ni ya ukoo mmoja, na ukiikata yote hutoa utomvu mweupe. (Hilo halimaanishi uchemshe gome la mkuyu ukanywe. Kemikali iliyomo kwenye gome si lazima iwe salama tumboni.)

Katika buyu, hazina kubwa ni vitamini C. Kwa uzito ule ule, unga mweupe unaozunguka mbegu una vitamini C mara kadhaa zaidi ya chungwa. Shida ni kwamba vitamini hii huharibiwa na moto, na huyeyuka katika maji. Usichemshe unga huo. Loweka mbegu katika maji safi ya kunywa, koroga, chuja, unywe siku hiyo hiyo. Ukipenda kuutia kwenye uji, subiri uji upoe kwanza.

Embe ni tofauti. Rangi yake ya machungwa inatokana na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na hiyo huhitaji mafuta kidogo ili ifyonzwe. Embe na njugu, au embe baada ya mlo uliopikwa kwa mafuta, lina faida kuliko embe peke yake. Wanaokausha maembe wakati wa msimu wayakinge na jua la moja kwa moja, kwa sababu mwanga huipunguza beta-karotini.

Sasa tuje kwenye mlo wetu wa kila siku. Muthokoi, isyo, ndengu na kunde zina madini ya chuma yanayosaidia kutengeneza damu, lakini madini ya mimea hufyonzwa kwa shida. Vitamini C ikiliwa katika mlo huo huo, ufyonzaji huongezeka. Kikombe cha maji ya mabuyu pamoja na sahani ya ndengu, basi, ni mpango mzuri. Chai hufanya kinyume. Polifenoli zake, ambazo nazo ni antioksidanti, hushikana na madini hayo tumboni na kuyazuia. Chai si mbaya. Iache tu ipite saa moja au zaidi baada ya chakula. Kwa mama mjamzito na mtoto mdogo, ambao upungufu wa damu huwaathiri zaidi, saa hiyo moja ni muhimu.

Sokoni kuna wanaouza unga wa majani na vidonge vya antioksidanti wakidai vinatibu kisukari, presha hata saratani. Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Finland uliohusisha wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Waliopewa vidonge vya beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi ya wale ambao hawakupewa. Kemikali ile ile iliyomo katika embe, ikitengwa na kumezwa kwa wingi, haikuwakinga. Usiache dawa ulizoandikiwa hospitalini kwa sababu ya unga wa sokoni.

Tahadhari nyingine ni ya uhifadhi. Mwaka 2004 sumukuvu katika mahindi iliua watu 125, wengi wao Makueni na Kitui. Hakuna tunda linaloondoa sumu hiyo mwilini. Buyu lililopasuka likaingia maji, au unga wake uliobadilika rangi na kunuka uvundo, tupa. Hifadhi mabuyu mazima, makavu, juu ya mbao badala ya sakafu.

Na mama mjamzito aendelee na vidonge vya madini ya chuma anavyopewa kliniki. Avimeze kwa maji, si kwa chai.